Goti Lako, na Uongo Niliokulea Nao

Naliaka, mwanangu,

Wewe umeenda Kimilili kumuaga nyanya yako kabla ya safari ya kesho, nami nimefunga stoo mapema, jambo ambalo wateja wangu hawajawahi kuliona msimu wa mahindi. Nimekaa juu ya gunia, karatasi nimeiweka juu ya mizani, na mvua inapiga mabati. Nikisema ningoje nikuambie kwa mdomo, najijua: nitaanza kukuuliza kama umepakia sweta, utasema, "Nimepakia, Mum," halafu basi litaondoka. Mambo ya sweta, dawa na kanisa watakukumbusha shangazi zako, wao hawachoki. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu Jumapili.

Unakumbuka tulikuwa tunakula. Mjomba wako Simiyu alikuwa na simu yake, anasoma habari za mpira wa kikapu wa Marekani kama kawaida yake, kisha akapiga meza.

"Mwingine ameenda! Kano ya kisigino. Msimu umekwisha kwake."

Akaanza ile hotuba yake. "Hawa wachezaji wa siku hizi ni laini, bana. Wako na madaktari, wako na wapishi, wanalala hoteli, na kila wiki nyota mmoja ako nje. Zamani watu walicheza na viatu vya turubai, usiku baada ya usiku, na hungesikia mtu ati goti, ati paja." Halafu akaninyooshea kijiko. "Muulize mamako. Alicheza miaka yote ile Nairobi. Si hukuwahi kuumia, dada?"

Ukaacha kula, ukanitazama. "Ni kweli, Mum? Hata mara moja?"

Nikasema, "Ni kweli." Kisha nikakusanya sahani kabla watu hawajamaliza kula, nikaenda nazo jikoni.

Si kweli, Naliaka. Niliumia. Na kuna mwenzangu aliyeumia kuliko mimi, nikasaidia kumfuta kana kwamba hakuwahi kucheza. Huo uongo niliokujibu Jumapili ndio niliokulea nao, na goti lako lililipa. Nimeona aibu kukuambia nikikuangalia. Ndiyo maana naandika.

Shule niliyosoma chini ya Kimilili uliwahi kuiona. Uwanja wetu ulikuwa udongo mtupu, tukiumwagia maji asubuhi kuzuia vumbi. Mpira wa kikapu tulicheza muhula mmoja. Muhula mwingine ilikuwa netiboli, mwingine riadha, na likizo ilikuwa jembe na kuteka maji. Mwili wangu ulifanya kila aina ya kazi, hakuna sehemu iliyochoshwa peke yake. Sikujua hiyo ilikuwa bahati. Niliona ni umaskini, nikaapa mtoto wangu hataupitia.

Nilipomaliza shule nilichukuliwa na kampuni moja Nairobi iliyokuwa na timu ya wanawake. Ukicheza vizuri, unapewa na kazi ya ofisini. Huko nilikutana na msichana kutoka Cheptais, kule mlimani, anaitwa Chemtai. Sijawahi kukutajia jina hilo, nawe ujiulize kwa nini, maana tulilala chumba kimoja na kula sufuria moja. Chemtai aliruka kama mtu aliyeitwa kutoka juu. Nafasi niliyoitaka ilikuwa yake. Mimi nilikaa benchi nikishikilia koti lake.

Jioni moja mazoezini aliruka kuchukua mpira uliogonga ubao, akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani. Hakuna aliyemgusa. Kesho yake lilikuwa limevimba mpaka suruali haipandi. Kocha wetu alikuwa mfanyakazi wa kampuni, mtu mwema, lakini alichojua kuhusu goti ni bandeji. Akamwambia alifunge, aendelee. Chemtai akamwambia linauma, lakini akajaribu. Akikimbia moja kwa moja alikuwa sawa; akigeuka, goti lilimwachilia, anaanguka kama amevutwa.

Kocha akatuuliza sisi wasichana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, "Chemtai ana nini?"

Wengine walinyamaza. Mimi nikasema, "Anajifanya, Kocha. Amechoka mazoezi."

Nilijua si kweli. Nililala kitanda cha pili kutoka kwake, nilikuwa nikimsikia akiuma shuka kila akijigeuza. Nilisema vile kwa sababu nilitaka nafasi yake, na Jumamosi iliyofuata nikaipata. Kocha akamwondoa Chemtai kwenye timu, na alipofunga begi lake na kuondoka, hakuna aliyesema ameumia. Tulisema amerudi nyumbani kuolewa. Tulirudia hivyo mpaka sisi wenyewe tukaamini. Kwa hivyo mjomba wako akisema zamani watu hawakuumia, mimi ndiye ninayejua zamani hiyo ilivyotengenezwa. Aliyeumia aliondoka, na waliobaki wakatoa hadithi nyingine.

Baadaye zamu ikawa yangu. Nyonga ya kushoto. Ilianza kama ganzi, ikawa kisu. Nilimeza vidonge kabla ya mechi na baada ya mechi, sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua vizuri sana kile ambacho wangesema. Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe. Mwisho nikawa siwezi kuinuka kwenye benchi bila kushika bega la mtu. Kocha akaleta msichana mpya, akaniambia nipumzike, na kupumzika kwangu hakukuwa na mwisho.

Halafu miezi ikapita, nikaolewa na baba yako, nikapata mimba yako.

Soma hapo tena, Naliaka. Miezi ikapita. Timu ilikuwa imeshaniacha kabla wewe hujawa hata wazo. Na mimi maisha yako yote nimekuambia niliacha mpira kwa sababu yako. Nilikuambia ulipotaka kukosa mazoezi. Niliwaambia walimu wako ukiwa umesimama hapo. Siku moja ukiwa darasa la tatu au la nne ulinijia jikoni ukasema, "Pole Mum kwa kukuharibia mpira." Nikakupapasa kichwa. Nikapokea ile pole, mwanangu. Mtoto mdogo aliniomba radhi kwa kosa ambalo halikuwepo, nami nikaipokea, na kesho yake nikakuamsha alfajiri tukakimbie.

Hukuniharibia chochote. Mimi ndiye nilipaswa kukuomba radhi, na naomba sasa, nimechelewa.

Ulikuwa mrefu mapema, ukawa na mikono mizuri, na mimi nikapoteza akili. Ulipenda kucheza kandanda na wavulana wa jirani pale nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Nikakukataza, nikasema utaharibu miguu. Ulipenda mbio, nikamwambia mwalimu akutoe. Nilitaka kila tone la nguvu yako liende kwa kikapu. Shule ikifunguliwa ulicheza timu ya shule. Jumamosi ulicheza na klabu ya wakubwa hapa Kitale. Shule ikifungwa nilikupeleka kambi za Bungoma, uwanja wa simiti, asubuhi na jioni. Baba yako, wakati huo alikuwa bado hai, aliniambia, "Mama Naliaka, mtoto si trekta." Nikamwambia yeye hajui mpira.

Ulipoanza kulalamika na goti hilo, mwanzoni ulikuwa unaniambia bila woga. Ulikuja ukakaa kando yangu hapa hapa stoo, ukakunja sketi ya shule, ukanionyesha pale chini ya kifuniko cha goti.

"Mum, hapa panachoma nikitua."

"Ni kukua tu. Sisi wakati wetu hatukuwa tunaumwaumwa ovyo."

Nikakupaka dawa ya kuchua, ukaenda mazoezini. Ukaniambia tena, nikakujibu vile vile. Halafu ukaacha kuniambia, na mimi mjinga nikadhani limepona.

Fainali ya Bungoma unaikumbuka kuliko mimi, lakini hujui upande wangu, kwa hivyo ngoja nikuambie. Asubuhi ile ulinivuta kando nyuma ya basi la shule. Ulikuwa hujafunga viatu.

"Mum, leo siwezi. Mguu hauniamini."

Ni maneno ya ajabu, sijawahi kuyasahau. Hukusema mguu unauma. Na mimi jicho langu lilikuwa juu ya bega lako, namwangalia yule mwanamke mwenye kofia aliyekuwa ametoka Nairobi kutafuta wasichana wa kuchezea timu za vyuo. Nikakuambia, "Kuna mtu amekuja kukuona. Mimi niliacha hii kitu kwa sababu yako. Wewe unaiacha kwa sababu ya nini?"

Nilienda duka la dawa, nikanunua vidonge, nikakupa na soda. Ukacheza nusu ya kwanza vizuri sana, watu wakawa wanaimba jina lako. Nusu ya pili ulikimbia na mpira, ukasimama ghafla umpite msichana aliyekuwa akikukaba, ukaruka, ukatua. Nilisikia mlio kutoka jukwaani. Kelele zote zile na bado nikausikia. Ukaanguka umeshika goti, mdomo wazi, na sauti haitoki.

Nikashuka mbio, nikapiga magoti kando yako. Unajua neno la kwanza nililosema? Nimeomba Mungu uwe hukulisikia, lakini tulivyotazamana najua ulilisikia. Nilisema, "Inuka, anakuangalia."

Sikukuuliza unaumwa wapi, na hata pole sikukupa. Refa ndiye aliyenisogeza kando.

Baada ya goti lako kufanyiwa upasuaji tulianza kwenda kwa yule kijana wa mazoezi ya viungo kule Bungoma, yule mliyemwita Fizio. Wewe ulimpenda, mimi nilimchukia tangu siku ya kwanza, na leo nitakuambia sababu. Aliniuliza, "Mama, mara ya mwisho huyu msichana alipumzika kabisa kutoka kikapu ilikuwa lini?"

Nikasema Krismasi. Wewe ukacheka kicheko kibaya, ukasema, "Mum, Krismasi nilikuwa kambi."

Ulipoingia kufanya mazoezi, nikamfuata kwenye korido. Nilitaka kujitetea. Nikamwambia, "Daktari, sisi zamani tulicheza kwa simiti na bandeji, na hatukuwa tunavunjika hivi. Hawa watoto wana nini?"

Hakunicheka. Akaegemea ukuta, akasema, "Mama, huo mchezo wenu si huu. Nyinyi wengi mlikuwa mnasimama karibu na kikapu mnasukumana. Hawa wanakimbia uwanja mzima, wanasimama ghafla, wanakata kona, wanaruka wakirudi nyuma, wanatupa kikapuni kutoka mbali, halafu mbio tena. Kila wakisimama ghafla hivyo, goti ndilo linabeba. Na wanaanza wakiwa wadogo, mchezo mmoja tu, mwaka mzima. Misuli inakuwa na nguvu haraka, lakini kano na mifupa haijafika. Ni kama ufunge injini ya lori kwa pikipiki. Itakimbia, ndio. Lakini fremu?"

"Lakini hata wale wa Marekani," nikasema. "Wana kila kitu."

"Wale ndio walianza mapema kuliko wote. Wengi wanafika huko juu miili ikiwa imeshatumika. Mtu ni kijana, magoti ni ya mzee." Kisha akaongeza, "Sisemi najua yote. Hata wataalamu bado wanabishana. Kuna jambo lingine pia: siku hizi tunaona. Mtu akiumwa anapigwa picha, jeraha linapewa jina, linatangazwa, anapumzishwa kwa kitu ambacho zamani angefungwa bandeji arudi uwanjani. Wenu walioumia nani aliwahesabu? Wale uliocheza nao, mama, wako wapi?"

Nilirudi kwenye benchi nikakungoja, na hapo kwenye benchi jina la Chemtai likanijia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na nikashindwa kulitoa.

Unakumbuka wiki ile nilikuacha na magongo yako kwa nyanya, nikasema naenda Cheptais kutafuta maharagwe? Sikuenda kutafuta maharagwe.

Nilipofika sokoni niliuliza Chemtai, yule mrefu aliyekuwa anacheza mpira Nairobi. Mama mmoja muuza viazi akasema, "Mpira sijui. Unataka Chemtai yule wa mguu?" Akanionyesha kwa kidole.

Alikuwa anauza vitunguu, amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Aliponiona aliinuka, na ilimchukua muda: aligeuza mwili upande, akashika mti wa kibanda, akajivuta juu. Mwanamke aliyekuwa akiruka vile.

"Nafula," akasema. Hakutabasamu, hakukunja uso. "Umenenepa."

"Na wewe umekonda."

"Huu mlima hauachi mtu anenepe."

Nikaanza kuzungumzia mvua. Nikauliza vitunguu vimekuwaje mwaka huu. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaisha, kisha akauliza, "Umetoka Kitale kuja kununua vitunguu?"

"Hapana."

"Basi sema."

Nikasema, "Ni mimi nilimwambia Kocha unajifanya."

"Najua. Nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimekuja kuchukua bandeji."

Naliaka, miaka yote hiyo nilidhani hajui. Nilikuwa nimejipangia jinsi nitakavyomwambia, jinsi atakavyoshtuka, na kumbe alikuwa amelibeba tangu siku ile ile.

"Mbona hukusema kitu?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Nikisema inauma, wewe umeshasema ni uongo."

Akauzia mtu vitunguu. Alipomaliza akaanza kunitajia wenzetu, mmoja mmoja, kama mtu anayesoma majina kanisani. Yule mfupi aliyekuwa akigawa mipira, kifundo cha mguu hakijawahi kupona, hawezi kuvaa viatu vya kisigino. Yule wa kutoka Webuye, mgongo. Yule aliyekuwa nahodha, magoti yote mawili, anapanda ngazi kwa makalio. Nikamuuliza anajuaje habari za kila mtu na yeye yuko huku mlimani.

"Huwa tunapigiana simu. Walioumia hutafutana," akasema. "Ni wewe tu hukupiga."

"Mimi sikuumia," nikasema. Mdomo ulisema wenyewe, Naliaka. Nimesimama mbele ya yule mtu, nimekuja kuomba msamaha, na bado mdomo unasema hivyo.

Chemtai akatazama nyonga yangu. "Nilikuona ukitoka kule kwa magari," akasema. "Mimi na wewe tunatembea sawa."

Nikalia pale sokoni, watu wakiona. Hakunishika mkono. Aliningoja nimalize, akaniuliza kama nina mtoto anayecheza. Nikamweleza habari yako yote, hata vidonge, hata lile neno nililokuambia umelala chini.

"Alikuwa anakuambia akiumwa?"

"Alikuwa ananiambia."

"Na sasa?"

Akanifungia vitunguu kwenye mfuko, nikamlipa kama mteja mwingine yeyote, nikaondoka. Hakusema amenisamehe. Sikuona kama nina haki ya kumuuliza.

Nilirudi nikakukuta umekaa mlangoni. Ukauliza, "Umepata maharagwe?" Nikasema bei ni mbaya. Unaona? Nimetoka kwa Chemtai na macho bado mekundu, na bado nilikuwa na uongo mwingine tayari.

Yaliyofuata uliyafanya wewe. Ngazi za kanisa ulizopanda na kushuka watu wakikushangaa. Ule mpira mzito uliokuwa ukisukuma kwa ukuta. Kuna siku ulitupa magongo shambani ukasema hutaki kuona mpira tena, na kwa mara ya kwanza nilinyamaza, nikaenda nikayaokota. Uliporudi kucheza nilikaa jukwaani mdomo nimeufunga. Wazazi wengine walisema, "Siku hizi Mama Naliaka ametulia." Niliwaacha waseme. Nilijiona nimebadilika, hata nikajipongeza. Ile klabu ya Kigali ilipokuita ukaichezee, nilijiambia, tumevuka, yale yamekwisha, hakuna haja ya kumfukulia mtoto mambo ya zamani.

Halafu ikaja jana.

Ulikuwa unafanya mazoezi ya mwisho na wenzako. Nilipita na bodaboda kukuletea maji, nikasimama kando ya uwanja. Uliruka, ukatua, ukasimama. Nikaona umevuta pumzi. Hukuanguka, hukuchechemea hata. Lakini kitu kilivuta, mimi na wewe tunajua. Na kabla hujalishika goti, kabla hujamwambia mwalimu wako aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwako, uligeuza kichwa ukanitafuta mimi.

Ulinitazama usoni, Naliaka, kuona kama unaruhusiwa kuumwa.

Nataka ujue kilichopita ndani yangu, kwa sababu bila hicho barua hii itakuwa ya kujipamba. Mimi mama yako, niliyekwenda Cheptais, niliyesikia ule mlio Bungoma, niliyekaa kwenye korido ya Fizio nikaelezwa kama mtoto, wazo langu la kwanza lilikuwa Kigali. Niliwaza: si kesho kutwa unaondoka, isije ikaharibika sasa. Sijui uso wangu ulifanya nini, lakini wewe uliusoma. Ukanyoosha mguu mara moja, ukarudi kucheza. Na kwa muda mfupi, mfupi sana, nilifurahi.

Hiyo ndiyo aibu iliyonifanya nifunge stoo leo. Ya Bungoma ningeweza kusema sikujua. Ya jana nilijua kila kitu.

Sitakuambia ufanye nini. Ukifika watakupima, ni watu wapya, hawajui goti lako wala mama yako. Unaweza kuwaambia lilivuta, unaweza kunyamaza. Ukiwaambia, huenda wakakuweka nje kwa wiki kadhaa, huenda wakachukua mwingine, na najua ulivyoitafuta nafasi hii. Sitakudanganya kwamba kusema ukweli ni bure. Chemtai alisema ukweli akarudishwa nyumbani. Mimi nilificha, nikarudishwa vile vile, ila nilichelewa kidogo, na gharama nikakuwekea wewe. Kati yetu wawili, yeye ndiye anayeweza kumtajia mtu jina la kinachomuuma bila kutafuta sahani za kukusanya.

Namba ya mwalimu wako mpya wa Kigali ninayo. Leo asubuhi nilishika simu, nikataka kumpigia nimweleze mimi. Nikaiweka chini. Nimesema sana kwa niaba ya goti hilo, na kila nililolisema lilikuwa baya.

Hata usipocheza tena siku moja maishani, sijui ningekuwa nakupenda vipi zaidi au kupungua. Najua sijawahi kukuambia hivyo bila mpira kuwa katikati. Najaribu kuandika sentensi hiyo moja tangu nianze barua hii, na imetoka hivyo, imepinda, ichukue tu.

Mvua imepungua, nyanya yako atakuwa ameshakufungia kuku na ndizi za kulisha basi zima. Nakuja nyumbani, nawe ukirudi tupike pamoja, tucheke na mjomba wako, na sitalitaja hili hata kidogo. Barua nitaitia ndani ya kiatu chako cha mazoezi. Isome ukishavuka mpaka, ukiwa mahali ambapo huwezi kugeuza kichwa ukanitazama kwanza. Kisha uwaambie, au usiwaambie.

Mama yako,
Nafula